Chakula cha Arobaini na Chakula cha Kila Siku

(Hotuba iliyosomwa na mfanyakazi wa genge la njia mbele ya mkutano wa tawi, wanachama na wake zao wakiwapo. Inapigwa chapa hapa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Katibu aliponiomba niseme, alidhani nitasema juu ya malipo ya kazi ya usiku. Nilimjibu kwamba juu ya hayo wako wengi wajuao kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya jambo la nyumbani nililoliona kwa macho yangu, yaani uzito unaombakia mama baada ya kuzaa, na jinsi ya kuupunguza kwa kula kwa akili, asijidhuru yeye wala mtoto. Najua wengine mtacheka kumwona mtu wa kutia kokoto chini ya mataruma akisema mambo ya wazazi. Chekeni kwanza, kisha msikilize. Mimi si daktari. Ni Mwislamu niliyesomeshwa shule ya msingi na wamisheni, na elimu yangu iliishia hapo. Lakini yale niliyoambiwa na manesi niliyaandika katika daftari, na daftari lenyewe ni hili.

Mimi ni mtu wa Rhamu. Kwa wale wasiopajua, Rhamu iko katika Kaunti ya Mandera, kando ya mto Daua, na ng'ambo ya mto ni Ethiopia. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 1,000 kwa barabara. Reli haijafika huko wala karibu na huko, na kila nikienda likizo watoto huniuliza kama ni kweli gari moshi halina usukani. Kando ya mto watu hulima vitunguu, nyanya, ndizi, mapapai, maembe, mahindi na ufuta. Ukiyapita mashamba tu, unaingia nchi kavu ya ngamia na mbuzi.

Bibi yangu naye ni wa huko huko. Mimba yake ya kwanza ilipokaribia kutimia, alikwenda kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi. Alijifungua salama. Nasema salama, na neno hilo kwetu si dogo. Hesabu zilizotolewa kutokana na sensa ya mwaka 2009 zilionyesha kwamba Mandera walikufa akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na hakuna kaunti nyingine ya Kenya iliyofika hapo. Kwa hivyo mama akitoka hai na mtoto yu hai, jamaa wote humshukuru Mungu, na shukrani hiyo huonekana katika sufuria.

Kwetu mama aliyejifungua hukaa ndani siku 40. Wasomali husema afartan, nao Waswahili wa pwani wana arobaini yao, ni jambo moja. Katika siku hizo hapiki, hachoti maji, hafuati mbuzi. Mama yake na dada zake na majirani humfanyia kila kitu. Hupewa supu ya mbuzi, maziwa ya ngamia, uji uliotiwa samli, nyirinyiri, yaani nyama kavu iliyohifadhiwa ndani ya samli, na chai tamu yenye tangawizi na hiliki. Akikataa, huambiwa kunywa kwa ajili ya mtoto. Siku ya arobaini hutoka nje, na watu hula na kufurahi.

Wako watu wa mjini ambao wakisikia habari ya samli hushika kichwa na kusema huo ni ushamba. Mimi sikubaliani nao. Fikirini nchi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo. Manesi wetu hutembea na utepe wa kupimia mkono, na mama anayenyonyesha ambaye mkono wake wa juu haufiki sentimita 21 huandikiwa unga wa lishe. Utepe huo niliuona ukizungushwa mikono ya akina mama ambao mtu angeweza kuishika kwa vidole viwili. Mwanamke aliyepoteza damu, anayenyonyesha, na ambaye siku ya 41 atarudi kubeba maji na kuni juani, huyo kumnenepesha kwa siku 40 si ujinga. Ni akiba. Wazee wetu walijua walilokuwa wakifanya.

Taabu yetu sisi haikuanzia Rhamu. Ilianza hapa, katika nyumba za Reli.

Bibi yangu aliteremka kwenye basi akiwa na mtoto mgongoni na mikebe mitatu ya samli. Tukaendelea na chakula cha arobaini kama kwamba arobaini haina mwisho. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Huko nyumbani angekuwa ameshaingia shambani, au anakwenda mtoni na kurudi. Hapa bomba liko mlangoni, duka liko langoni, na nyumba ni chumba kimoja, ukifagia umemaliza. Asubuhi mandazi, mchana wali au pasta iliyojaa mafuta, na chai kutwa. Nami nilikuwa nikimletea viazi vya kukaanga kutoka stesheni kila siku ya mshahara, nikidhani ndio upendo.

Hebu tupige hesabu ya chai peke yake. Alikuwa akinywa vikombe 8 kwa siku, vijiko 3 vya sukari kila kikombe. Hivyo ni vijiko 24. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, basi ni karibu gramu 100 kwa siku, na kwa wiki ni karibu gramu 700. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asizidishe kama vijiko 12 kwa siku, na akiweza aishie 6, tena ikihesabiwa na ile sukari iliyo ndani ya soda na biskuti. Samli nayo, kijiko kimoja kikubwa kina zaidi ya kalori 100. Kalori ni kipimo cha nguvu ya chakula, kama vile lita ni kipimo cha dizeli. Injini iliyosimama ndani ya shedi haijazwi dizeli sawa na injini inayopanda kutoka Mombasa na mabehewa ya shehena. Tofauti ni hii tu, kwamba tangi la injini likijaa dizeli humwagika chini, lakini mwili haumwagi. Huweka.

Siku moja, kwa ujinga wangu, nilimpeleka stesheni nikamsimamisha juu ya mizani ya vifurushi. Ilisoma kilo 81. Kabla ya mimba alikuwa 63. Karani aliuliza kwa mzaha kama tutamlipia nauli ya mzigo, nami nikacheka. Ndugu zangu, katika makosa yote nitakayoyataja leo, hilo ndilo kubwa. Bibi yangu hakucheka. Alishuka, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaenda zake nyumbani, na kwa siku mbili hakusema nami ila la lazima.

Siku ya tatu aliacha kula. Asubuhi chai ya rangi, mchana hakuna, jioni tonge mbili. Tena akanunua kwa mchuuzi mmoja wa kituo cha mabasi majani ya chai ya kupunguza tumbo, pakiti haina hata jina la aliyeitengeneza. Alikunywa siku tisa. Alikuwa akienda chooni mara tano, sita, na nguo zikamlegea kidogo, akafurahi. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya aibu ya mizani. Mtoto akaanza kulia usiku kuliko desturi. Tukasema ni meno.

Tulipompeleka kliniki kupimwa, ule mstari wa kadi yake uliokuwa ukipanda kila mwezi ulikuwa umelala kama reli ya uwanda. Kwa mwezi mzima hakuongeza kitu. Nesi alituuliza maneno machache tu, kisha akataka kuiona ile pakiti. Alisema majani mengi ya namna hiyo ni dawa ya kuharisha. Yanayotoka ni maji na choo, wala mafuta ya mwili hayaguswi, na ukinywa maji uzito hurudi. Mbaya zaidi, mama akikaukiwa na maji na kukosa chakula, nguvu humwishia na maziwa nayo yaweza kupungua, na dawa nyingine hupita ndani ya maziwa mpaka kwa mtoto. Bibi yangu alilia pale pale kwenye kiti. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nesi hakututukana. Alituonyesha hesabu nyingine, na hii naomba mwiandike. Mwanamke wa umbo la kawaida huongeza kilo 11 hadi 16 katika mimba. Siku ya kuzaa, mtoto na kondo na maji huondoa kama kilo 5 au 6, na wiki zinazofuata maji mengine hutoka. Iliyobaki ni akiba ya mafuta ambayo mwili uliiweka makusudi kwa ajili ya kunyonyesha. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake matupu kwa miezi 6 ya kwanza huhitaji kama kalori 500 zaidi kila siku kuliko alizohitaji kabla ya mimba, na sehemu ya hizo mwili huichukua katika ile akiba. Maana yake kunyonyesha kwenyewe kunampunguza, mradi yeye asiifukie akiba hiyo kila siku kwa sukari na samli. Akishapata nguvu, kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha, hakumdhuru mtoto. Kurudi kwenye uzito wa zamani kwaweza kuchukua miezi 6, au mwaka mzima. Tumbo lilikua miezi tisa, kwa nini lishuke kwa siku tisa?

Jioni ile tulimpigia simu mama mkwe Rhamu. Mimi niliogopa atanilaumu, na kweli alinilaumu. Kisha akamwambia binti yake, nami nasikia: "Ngamia anayekamuliwa hafungwi mdomo, mwanangu. Lakini hafungiwi bomani pia. Huachwa aende malishoni, ale majani, atembee kutwa, na jioni maziwa yapo." Yule mama hajasoma hata darasa moja. Nesi alikuwa ametueleza jambo lile lile kwa nusu saa.

Basi tulifanyaje? Milo haikupunguzwa. Ilibaki mitatu, na kitu kidogo katikati. Kilichobadilika ni kilichomo. Chai tulianza nayo kwa sababu ndiyo iliyokuwa adui mkubwa. Vijiko 3 vikawa 2 kwa wiki mbili, kisha 1, na vikombe 8 vikawa 3. Maziwa hatukuyaondoa. Kila akikaa kunyonyesha aliweka kikombe cha maji karibu. Samli hatukuitupa, ningethubutuje kumwambia mama mkwe! Lakini badala ya kuimimina kutoka mkebe, tulitia kwa kijiko kidogo kimoja. Mandazi ya asubuhi yalitoka, ukaingia uji wa wimbi au mtama, au kiazi kitamu na yai.

Kwenye sahani tulifuata kipimo cha nesi. Nusu ni mboga, sukuma wiki, mchicha, kabeji au majani ya kunde. Robo ni ugali au wali. Robo ni maharagwe, ndengu, samaki, yai au nyama. Sisi watu wa nyama jambo hili lilitusumbua, kwa maana kwetu mboga ni chakula cha mbuzi. Lakini nilikumbuka kwamba hata Rhamu vitunguu na nyanya na mapapai tunalima wenyewe, tunayapakia kwenye malori kupeleka kuuza, kisha tunarudi nyumbani kula pasta. Mboga za sokoni ni nafuu kuliko viazi vya kukaanga vya stesheni, hilo nimelipima kwa mfuko wangu.

Usiku ulikuwa mgumu zaidi. Mtoto akiamka saa tisa, mama naye huamka na njaa ya kweli, na mkono huenda kwenye biskuti. Tukawa tunaacha ndizi moja au ndengu zilizochemshwa katika bakuli lililofunikwa. Tena mtoto alipofika miezi 6 akaanza kula, tuligundua mtego ambao hakuna aliyetuambia: mama alikuwa akimaliza kila alichobakiza mtoto. Vijiko vitatu hapa, vinne pale, mwisho wa siku ni mlo wa nne. Siku hizi mabaki ya mtoto ni yangu mimi.

Kutembea kulikuwa na sehemu yake. Alianza dakika 15 jioni, mtoto mgongoni, kisha nusu saa. Kwa barabara, akina mama, si juu ya reli! Nasema hivi kwa kuwa nimewaona, na anayewaona mkikimbia mbele ya treni ni sisi. Aliyepasuliwa asianze mpaka kliniki imwambie, wala asibebe vizito. Habari ya kufunga tumbo kwa kanga, mama wengi hupata nafuu ya mgongo, vyema, lakini kanga haiyeyushi mafuta.

Na Ramadhani? Niliulizwa hili nje kabla ya mkutano. Dini imempa ruhusa anayenyonyesha afungue akihofia nafsi yake au mtoto wake, na atalipa baadaye. Asifanye saumu kuwa njia ya kukonda. Tena wengi hunenepa mwezi ule, sambusa zajua sababu.

Uzito wa bibi yangu ulishuka polepole. Wiki nyingine hakupungua hata kidogo, na mwezi mmoja alipanda kilo moja kwa ajili ya arusi mbili. Lakini mstari wa kadi ya mtoto ulianza kupanda tena ndani ya mwezi, na hapo ndipo sisi wawili tulipopata usingizi. Baada ya miezi kumi na moja yeye alikuwa kilo 66. Zile tatu zimekaa, naye amesema zikae. Sasa tuna mtoto wa pili, ana miezi mitatu. Safari hii mama mkwe ndiye aliyekuja huku kusimamia arobaini, na alileta mkebe mmoja wa samli, si mitatu. Siku ya 41 alimwamsha binti yake alfajiri wakaenda sokoni kwa miguu.

Msije mkadhani jambo hili ni la uzuri tu. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2014 ulikuta mwanamke mmoja katika kila watatu amezidi uzito unaofaa. Kilo zinazobaki baada ya kila mtoto hujumlika, na zikijumlika huleta kisukari na shinikizo la damu. Aliyepatikana na kisukari wakati wa mimba arudi apimwe damu tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaa, hata kama anajiona mzima. Na si kila uvimbe ni unene. Mama aliyejifungua juzi akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma sana, macho yakaona giza, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, huyo hahitaji ushauri wa chakula wala hotuba yangu. Apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Sasa wanaume, nina maneno mafupi kwenu. Mama hawezi kula kwa akili katika nyumba ambayo baba analeta soda na kudai ugali mlima. Hawezi kutembea jioni kama hakuna wa kushika mtoto mkubwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Nimewauliza wenzangu wa genge hizo wiki mbili walizitumiaje. Mmoja alinijibu alikwenda kutazama shamba lake, mwingine hakujua kama ziko. Nanyi akina dada mnaofanya kazi katika ofisi na ndani ya treni, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na choo hakihesabiwi kuwa mahali hapo. Mama aliyenyimwa nafasi hiyo huacha kunyonyesha mapema, hushinda na njaa kazini, na akifika nyumbani hula kila kilichoko. Kamati imeahidi kulileta jambo hili katika mazungumzo yajayo na wakubwa. Nimelitaja hapa hadharani ili wasilisahau.

Neno la mwisho ni tangazo. Nesi yule amekubali kuja hapa ukumbini Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, na mizani ya watu, nyingine ya watoto. Atapima nyuma ya pazia, na namba ataandikiwa mwenyewe peke yake. Mume haruhusiwi kusoma.

Chai iko kule nyuma. Leo sukari haikutiwa ndani ya birika. Iko katika bakuli pembeni, na kijiko ni kimoja. Niko tayari kwa maswali.